Ramani iliyopunguzwa yawachosha wageni Lamu

Mhariri,

Mimi ni nahodha wa mashua hapa Lamu. Juzi wageni wangu walipewa ramani ya fotokopi mahali walipolala. Imeandikwa skeli ya 1:50,000, yaani sentimita 2 ni kilomita 1. Wakapima kwa rula kutoka mjini hadi kijiji cha Shela: sentimita 3. Kilomita moja na nusu, wakasema, twende kwa miguu. Saa saba mchana, na bibi mzee kati yao!

Shela ni kama kilomita 3. Aliyetoa fotokopi aliipunguza karatasi ikawa nusu kwa urefu na kwa upana, lakini maandishi ya skeli yakabaki yaleyale. Ilitakiwa isomeke 1:100,000.

Naomba wachapishaji wachore pia ule mstari wa kilomita chini ya ramani. Huo hupungua pamoja na karatasi, haudanganyi.

Ila kwa safari ya kisiwa cha Pate, hata rula haisaidii. Pale Mkanda, mlango mwembamba wa bahari tunaopitia, maji yakipwa mashua hungoja yajae, na kungoja huko hakumo kwenye skeli yoyote.

Nahodha, Lamu