Mimi niko upande wa Milo

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mama hajambo, mguu umepona, kila Ijumaa anakuulizia.

Haya, ile filamu ya An American in Paris uliyonisumbua nayo tangu Idi nimeiangalia jana usiku, na umeme haukukatika. Lakini umenidanganya! Ulisema ni ya mapenzi. Mimi nimeona habari za pesa tupu.

Kile chumba cha Jerry, yule mchoraji Mmarekani, nimekirudia mara mbili. Anaamka, anavuta kamba, kitanda kinapanda darini. Kabatini inatoka meza, kinatoka kiti. Gene Kelly, anayemwigiza, anacheza kabla dansi haijaanza. Nikakumbuka chumba chetu cha Magomeni, jiko chini ya kitanda, na mlango haufunguki mpaka mmoja wetu apande kitandani.

Sasa tugombane. Yule Milo, mwanamke mwenye pesa, amekukosea nini? Jerry ametundika picha zake ukutani mtaa wa Montmartre, bei hajazipangia, maana hajawahi kufikiri kuna atakayeuliza. Milo ananunua mbili. Sawa, ile karamu ilikuwa mtego: Jerry anafika, kumbe mgeni ni yeye peke yake. Akarudisha pesa, nikampigia makofi. Ila studio ya Milo aliipokea baadaye! Moyo akaupeleka kwa Lise wa duka la manukato, ambaye naye ni mchumba wa mwimbaji Henri, aliyemtunza wakati wa vita. Usiku wa dansi Jerry anamwambia Milo ukweli, mama wa watu anasema anataka shampeni, anaondoka, na hatumwoni tena. Basi!

Ile ngoma ya mwisho ni dakika 17 hivi, bila neno. Wangempa Milo dakika 2. Ila siwezi kuisema vibaya. Mandhari yamepakwa rangi kwa mitindo ya wachoraji, ya Dufy, ya Renoir, ya Van Gogh; Kelly anasimama kama yule mchezaji Chocolat aliyechorwa na Toulouse-Lautrec, mkono juu, kisha picha inaanza kutembea. Chai yangu ilipoa. Na Paris yenyewe karibu yote waliijenga California, mwaka 1950, kwa mbao na rangi!

Niandikie uko upande wa nani. Na usiniambie Henri. Nakujua, mwanamume akiimba huku anapanda ngazi zinazowaka taa, wewe kwisha.

Wako,
Zuhura