Mguu wa baba yako

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila mguu wa baba yako ndio unaotunyima usingizi. Juzi ulilia kwenye simu ukisema asikatwe. Hatujafika huko, na sitaki tufike. Kaka zako wanasema tusubiri korosho ziuzwe. Wasomee barua hii.

Kidonda cha kidole gumba kimeanza kuwa cheusi pembeni. Unyayo ni wa baridi hata jua la saa saba, na nikigusa juu yake sipati mapigo. Daktari amepima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu. Ya mguuni iko chini mno. Sukari na sigara za miaka mingi zimeuziba mshipa wa paja. Nimesafisha vidonda wodini mpaka nikastaafu, mwanangu: kisichopata damu hakiponi kwa kusafishwa.

Ameandikiwa rufaa ya Dar, wakamzibue mshipa kwa ndani. Paja halipasuliwi. Anachomwa ganzi kinenani, yuko macho, wanaingiza waya mwembamba mshipani, kisha mrija wenye puto unapita juu ya waya huo, nao wanautazama kwa eksirei. Puto likifika palipoziba linajazwa, yale mafuta yaliyouziba mshipa yanabanwa ukutani, damu inapita. Pengine wataacha stenti, kijibomba cha wavu, ili pasizibe tena upesi.

Aliyeanza tiba hii ni daktari Charles Dotter, Portland, Marekani, mwaka 1964. Puto halikuwepo, alipanua mshipa kwa kupitisha mrija mmoja juu ya mwingine. Mgonjwa wake alikuwa bibi wa miaka 82 aliyekataa katakata kukatwa mguu, akaja kuishi zaidi ya miaka miwili akiutembelea mguu uleule. Nilimsimulia baba yako, akaniomba nirudie.

Si kila mshipa unazibulika hivi, mwingine hutaka upasuaji wa kuupitishia damu njia ya pembeni. Lakini nyama ikishakufa, hakuna puto litakaloirudisha. Ndiyo maana siwezi kungoja mnada.

Ile dawa ya rangi wanayomchoma ili mishipa ionekane huzielemea figo, kwa hiyo hakikisha wamempima figo kwanza, na uwaambie anameza metformini, ile dawa yake ya sukari. Baada ya hapo atalala mguu umenyooka kwa saa kadhaa, usimruhusu kuukunja. Na sigara mkatazeni nyinyi, anakusikiliza wewe kuliko mimi.

Tunapanda basi Jumatatu alfajiri. Tupokee Mbagala, uje na bajaji, hawezi kutembea hata mpaka barabarani. Kadi ya bima ninayo mimi.

Mama yako