Salamu za Krismasi: Tuwaandike Waliokwenda Kariokor

Ndugu, jamaa na marafiki, ninyi mlio Kisumu, Siaya, Vihiga, Busia, Kakamega na Kisii, na ninyi mlio Nairobi, Mombasa na ng'ambo mnaopanga kurudi nyumbani, nawasalimu nyote na kuwatakia Krismasi ya heri na Mwaka Mpya wa baraka. Namwomba Mungu awafikishe salama. Nauli imepanda kama kila Desemba, lakini hapa Kondele magari bado yanajaa: kuku wamefungwa miguu, mabunda ya unga wa ngano, magodoro juu ya keria, watoto wamelala magotini mwa mama zao. Watu wanakwenda kwao, na hilo pekee ni jambo la kushukuru.

Mwaka huu salamu zangu zina ombi ndani yake: tuwaandike majina watu wetu waliokwenda Kariokor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Tarehe 23 Desemba 1921, siku mbili kabla ya Krismasi, watu wetu walikusanyika Lundha, kule Gem, katika mkutano ambao mpaka leo tunauita Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Kina Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende waliunda Young Kavirondo Association, wakaiambia serikali ya mkoloni yaliyowachoma wananchi: kodi ya nyumba imepandishwa, mtu mzima anatembea na kipande, kitambulisho cha kazi, shingoni, watu wanalazimishwa kazi, na nchi imegeuzwa koloni mwaka 1920 bila wenyewe kuulizwa. Shuleni tulifundishwa kwamba siasa za Nyanza zilianzia pale, na ni kweli. Lakini mimi nikiutazama mkutano ule naona pia watu waliokuwa wametoka msibani. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, na katika maboma mengi kulikuwa na kijana ambaye hakurudi, wala hakuna afisa aliyekuja kusema amefia wapi.

Vita vile havikuwa vya mbali. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, wakapigana na Waingereza papo hapo mjini. Juni 1915 meli za ziwa ziliondoka hapa Kisumu zimejaa askari, zikaenda kuivamia Bukoba na kukiharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Kisha ukaja mwaka 1917, na huo ndio uliotumaliza. Jeshi la Wajerumani, chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, lilikuwa limerudi kusini, barabara hakuna, mbung'o wanaua farasi na ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo kila risasi na kila gunia la unga vikawekwa kichwani mwa binadamu. Kati ya Machi na Agosti mwaka huo serikali iliendesha msako mkubwa wa vijana, ukisimamiwa na John Ainsworth, ambaye awali alikuwa mkuu wa mkoa wetu wa Nyanza. Machifu walipewa idadi ya kutoa. Zaidi ya watu laki moja walichukuliwa katika miezi hiyo, na hakuna mkoa uliotoa wengi kuliko huu wetu.

Walipanda treni Kisumu, wakapanda meli Mombasa, wakashushwa Kilwa na Lindi. Kila mmoja alibeba mzigo wa kama kilo 25. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na unga wasiouzoea ambao haukupata moto wa kutosha. Upande wa Uingereza peke yake, katika Afrika Mashariki nzima, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Na kengele za amani zilipolia Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, huku vita vilikuwa bado: von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba, kule Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Wapiganapo tembo nyasi huumia, walisema wahenga. Nyasi zile zilikuwa na majina.

Baada ya vita, askari wazungu waligawiwa mashamba. Mpango wa mwaka 1919 ulitenga zaidi ya ekari milioni mbili katika nyanda za juu kwa ajili yao, na Wanandi wakapoteza sehemu ya ardhi yao kwa sababu hiyo. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo hakuna aliyekuja kuichukua, ilibaki serikalini, ingawa Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi chao, alipigania kwa miaka ilipwe. Sisi tulipewa kipande na kodi.

Nyanya yangu alinionyesha, nikiwa kijana, mahali katika boma letu kati ya ghala na ua wa minyaa. Naye alionyeshwa na mama mkwe wake alipoolewa. Pale lilizikwa tunda la mwegea, yago kama tunavyoliita, kwa ajili ya baba mdogo wa babu yangu. Sisi Wajaluo mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, tunda hilo huzikwa badala yake ili matanga yafanyike na familia iweze kuendelea na maisha. Ni tunda refu na zito. Anayelibeba hulipakata kama mtoto. Habari zake zilikuwa chache: aliitwa kwa chifu, akaondoka na blanketi moja, akaonekana mara ya mwisho na wenzake wa kijijini wakipanda treni. Jina lake alipewa mtoto aliyezaliwa baadaye, na mpaka leo limo katika ukoo wetu. Kaburi lenyewe halina hata jiwe. Jembe limepita juu yake mara nyingi, na kama nyanya asingeninyoshea kidole, mimi ningepanda mahindi pale bila habari.

Ndiyo maana nafuatilia kwa moyo wote mipango ya serikali ya kuwakumbuka watu wa vita. Uingereza ilitangaza mwaka 2012 kwamba ingetumia pauni milioni 50 kuadhimisha miaka mia moja ya vita vile. Walipeleka wanafunzi wa shule kwenye makaburi ya Ubelgiji na Ufaransa. Mwaka 2014 walipanda maua mekundu ya udongo 888,246 kuzunguka ngome ya kale ya London, kila ua likisimama badala ya askari mmoja wa Uingereza au wa makoloni yake aliyehesabiwa kuwa amekufa. Nilipoona picha zile nililia, na sioni haya kulisema. Nililia kwa ajili ya watoto wa Waingereza, kisha nikawalilia wetu ambao hawakuhesabiwa.

Aprili 2021 ukweli ulitolewa na wenyewe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kazi yake tangu 1917 ni kuwatunza waliokufa wote kwa usawa, ilichapisha ripoti ikikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Wako waliosema radhi imechelewa. Mimi naipokea, kwa sababu imefuatwa na kazi. Nyaraka zilizohifadhiwa na jeshi letu la Kenya zimesaidia kupata majina ya askari ambao hawakuwa wameandikwa popote. Na Januari 2025, kule Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa watu weusi wa Afrika Kusini waliofanya kazi za jeshi wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Majina zaidi ya 1,700 yamechongwa pale, kila mtu na nguzo yake.

Kwa nini ukumbusho kama huo, hata ukuta wa majina tu, usiwe Kisumu? Pale bandarini au kwenye stesheni ya reli, walikoondokea. Nairobi tuna sanamu ya askari na mpagazi pale Kenyatta Avenue, iliyozinduliwa 1928, na maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako watoto wako watalikumbuka jina lako. Sanamu ile naiheshimu. Lakini haina jina hata moja la mpagazi.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa tofauti kidogo, na utofauti huo unanipa matumaini. Wazee wetu wa Keya (jeshi la King's African Rifles) na wa Panyako (Pioneer Corps, kikosi cha kazi) waliandikwa. Walipigana na Waitaliano Uhabeshi, wakaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya alama ya kifaru, wakapita bonde la Kabaw katika mvua na matope mwaka 1944. Februari mwaka huo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya waliozama leo yanasomeka katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Nanyi mnaoishi upande wa Nakuru, mkipita Gilgil ingieni makaburi ya vita ya pale mara moja tu na watoto wenu. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mstari. Hivyo ndivyo mtu anavyotunzwa.

Wengi wenu mnawakumbuka wazee waliorudi. Kila kijiji kilikuwa na mmoja aliyevaa kabuti ya jeshi asubuhi ya baridi, vifungo vya shaba vimebaki viwili, na aliyeamkia watoto kwa sauti ya gwaride. Baadhi yao walizitupa nishani zao miaka ya hamsini, wakiogopa kuonekana watu wa mkoloni. Tarehe 1 Novemba 2023, katika makaburi ya Kariokor, Nairobi, Mfalme Charles aliwakabidhi wakongwe wanne nishani mpya badala ya zile zilizopotea. Wanne. Kwa wengine wote tulichelewa.

Hapa nyumbani tuna Siku ya Mashujaa tangu Katiba ya 2010, tuna Sheria ya Mashujaa ya 2014 na baraza lake, na mwaka 2022 ikaja sheria ya askari wastaafu. Ni hatua njema, na nawashukuru waliozipigania. Lakini serikali, iwe yetu au ya Uingereza, haiwezi kuchonga jina isilolijua. Mpagazi wa 1917 hayumo katika faili nyingi. Yumo katika kichwa cha nyanya yako, katika jina la mjomba wako, katika mahali penye yago.

Ombi langu basi ni hili. Sikukuu hii mkishakula, kabla vijana hawajaondoka kwenda kutembea, mketisheni mzee mmoja mumuulize ni nani wa ukoo wenu alikwenda Kariokor, Keya au Panyako na nani hakurudi. Marekani wana mpango ulioanzishwa na bunge lao mwaka 2000 wa kukusanya simulizi za askari wa kawaida, na wanachotaka ni mazungumzo ya nusu saa tu yaliyorekodiwa. Nusu saa tunayo, na simu tunazo. Andikeni jina lake na la baba yake, ukoo, kijiji, nani amerithi jina, alionekana mara ya mwisho wapi. Kama kuna kipande, nishani au picha, msiiuze wala msiisugue. Ipigeni picha muirudishe sandukuni. Waulizeni kina mama hasa. Wanaume wa familia yangu walikuwa na hadithi ya vita, lakini ni mwanamke aliyejua kaburi liko wapi.

Nakala moja ibaki nyumbani. Nyingine ipelekeni makumbusho ya Kisumu, au vituo vya Nyaraka za Taifa vya Kisumu, Nakuru na Kakamega. Nanyi waheshimiwa wa kaunti zetu, ambao pia ni jamaa zetu na mtakula chapati hizi hizi, jengeni huo ukuta. Anzeni na majina mia. Mengine yatakuja yenyewe watu wakiona ya jirani yameandikwa.

Nawasalimu vilevile vijana wetu walio kazini Somalia na kwingineko, ambao Krismasi itawakuta kambini. Nawasalimu kwa upendo wa pekee wajane na wazazi wa askari wetu waliouawa El Adde, Somalia, mwaka 2016, hasa familia za kambi ya Eldoret. Najua kwamba baada ya shamrashamra za Mwaka Mpya inakuja tarehe 15 Januari, na tutakuwa pamoja nanyi katika maombi siku hiyo. Wagonjwa wapate nafuu, waliofiwa mwaka huu wafarijiwe, na wale wanaofanya kazi hospitalini, barabarani na ziwani wakati sisi tunakula, Mungu awalipe.

Mimi nitakuwa nyumbani mpaka shule zifunguliwe. Walio karibu na Gem na Maseno, aliye na mzee asiyeweza kuandika anijulishe, nitakuja na daftari. Krismasi njema, na Mwaka Mpya wenye heri kwenu nyote.