Risala ya Vijana kwa Mgeni Rasmi, Baba Kapteni

Ndugu mgeni rasmi, Baba yetu Kapteni mstaafu, Mama yetu mpendwa uliyekubali kutuazima mzee siku ya leo, Mchungaji, wazee wa kanisa, wazazi na walezi, vijana wenzangu, mabibi na mabwana, Bwana asifiwe sana!

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe Baba kwa kuja mwenyewe bila kutuma mwakilishi, maana wawakilishi tumeshawapokea sana na wote huwa wanatuambia "nitamfikishia mkubwa".

Mgeni rasmi, historia ya kikundi chetu ni fupi. Tulianza vijana wachache baada ya ibada tukiwa na ndoto ya urubani, wengine wakacheka, wengine wakajiunga, ndo tukafika hapa. Wewe wakati huo ulikuwa bado hewani, na ndio maana wengi wetu tulikufahamu kwanza kupitia kiti kitupu pembeni ya Mama. Jumapili moja upo, tatu haupo, Krismasi uko hotelini nchi za watu, na Mama anakaa na watoto mstari wa mbele kana kwamba umetoka mara moja kupokea simu. Baadae ndo tukaja kusikia kwamba kila unapotua, kabla hata hujavua viatu, unapiga nyumbani ili watoto wasilale hawajaombewa na baba yao, na kama huko ni usiku wa manane basi na uwe. Mama alikuwa anahesabu siku za wewe kufika 60 upumzike, halafu mwaka 2006 ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wakapandisha umri wa marubani wa mashirika hadi 65, na miaka mitano ambayo Mama alishaipangia kazi zake ikaenda hewani tena. Mama, pole, na asante. Toka ustaafu wewe Baba ndo unafika kanisani wa kwanza kupanga viti, na darasa la watoto halijawahi kukosa mwalimu.

Mafanikio yetu ni makubwa na muda hautoshi kuyataja yote. Tumemaliza alfabeti ya marubani kuanzia Alfa ya A mpaka Zulu ya Z kwa asilimia mia moja, ukiwatoa wachache wanaokwama kwenye Kebeki ya Q. Tumefungua idara ya hali ya hewa, ambayo kwa sasa ina mjumbe mmoja ila ni mchapakazi. Mwenzetu mmoja amepata ajira uwanja wa ndege, ni upande wa mizigo lakini ni uwanja wa ndege, na sisi tunamhesabu kwamba ameshaingia kwenye sekta.

Sasa Baba, wewe unajua kwamba ndege ikishuka chini ya futi 10,000 marubani wanaacha stori zote na kubaki na kazi tu, basi na sisi tumeshafika huko kwenye hii risala. Kamati ilikuwa imeandika maombi saba. Tumefuta sita. Limebaki moja, na tunaomba utuvumilie tuliseme vizuri.

Mgeni rasmi, tunaomba simuleta ya mezani, yani mtambo wa kujifunzia kurusha ndege bila kuondoka chini. Hatuombi yale madude makubwa yanayotikisika kwa miguu ya haidroliki ya mashirika ya ndege, hapana, tunaomba kompyuta moja yenye nguvu ya kuendesha programu ya urubani, skrini, usukani, vishikio vya nguvu za injini, pedali za miguuni na hedseti mbili. Vinakaa kwenye meza moja. Chumba tumeshapewa na wazee wa kanisa, kina mlango, kufuli na umeme, kwa hiyo ile sababu ya "tafuteni kwanza sehemu salama" ambayo tuliwahi kupewa imekwisha, tunaomba isirudi.

Kabla hujafungua hafla tutakupitisha uone tunachotumia sasa. Ni boksi la friji. Vijana wamekata madirisha mawili, wamechora mita zote kwa makapeni, mshale wa altimita, ile mita ya kuonyesha ndege iko juu kiasi gani, ni kipande cha waya kilichochomekwa na pini na ukiugusa unaanguka, kwa hiyo tumekubaliana ndege yetu iko futi 3,500 muda wote, ipande ishuke. Usukani umetoka kwenye gari bovu. Kwa ajili ya kutua tumepanga tochi nne sakafuni mfano wa zile taa za pembeni ya njia ya kurukia, mbili tumezivika karatasi nyekundu za pipi, ili kijana ajue kwamba mbili nyeupe mbili nyekundu yuko sawa, nyekundu zote nne yuko chini mno. Tatizo ni kwamba taa hazibadiliki, yani kijana anatua salama hata akiwa amesinzia! Mvua iliyopita ililowesha upande wa rubani msaidizi, tangu hapo Kapteni anaruka peke yake.

Tunajua kuna watakaosema hawa watoto wanataka gemu. Baba wewe ndo shahidi wetu. Uliruka miaka na miaka, maelfu ya masaa, na bado mara mbili kwa mwaka ulikuwa unaitwa kupimwa uwezo, unaingizwa kwenye simuleta unazimiwa injini, unawashiwa moto wa uongo, unaangaliwa unafanya nini. Kama Kapteni mwenye mistari minne begani alikuwa anarudishwa kwenye simuleta, sisi wa kwenye boksi tusemeje? Na hatudanganyi mtu, tunafahamu masaa ya simuleta ya mezani hayaandikwi kwenye logibuku, lile daftari la masaa ya rubani, na kwamba kwa viwango vya ICAO leseni ya rubani binafsi ni masaa 40, ya biashara 200, na ya rubani wa shirika kama wewe ni 1,500, yote hayo yanahitaji hela ambayo wazazi wetu hawana leo. Ila kijana akishazoea cheklisti, ile orodha ya mambo ya kukagua, redio na kusoma mita akiwa hapa, siku akipata mfadhili haendi kulipia masaa ya ndege kujifunza altimita iko wapi. Na wewe mwenyewe ulitufundisha darasani kwamba ukimaliza kuomba fungua cheklisti, Mungu hakukatazi kusoma.

Mgeni rasmi, hili ombi sio jipya, na hapa tunaomba tuseme kwa heshima zote. Mgeni rasmi wa kwanza alituambia "hilo niachieni mimi", tukamwachia, bado analo. Wa pili alisema lipo kwenye mchakato, na kila tukimpigia mchakato unasonga mbele ila yeye hapokei. Wa tatu tunamshukuru sana, alileta skrini kweli, bila waya wa umeme, akapigwa nayo picha na hiyo picha tunayo ukutani, imetoka vizuri. Hatumlaumu mtu, watu wana majukumu. Lakini kuna vijana walikuwepo siku ya ahadi ya kwanza na leo hawapo, walichoka kusubiri wakaendelea na maisha, na walikuwa wazuri kweli kweli.

Kwa hiyo mwaka huu kamati imekaa ikatafuta namna, na namna tumeitoa kwenye kazi yako Baba. Tarehe 27 Machi 1977 kule Tenerife Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583, na mojawapo ya sababu ni kwamba rubani mmoja aliamini ameruhusiwa kuruka wakati mnara wa kuongozea ndege unaamini anasubiri. Baada ya pale lugha ya redioni ikakazwa, na leo mnara ukikupa ruhusa unairudia yote, mnara unasikiliza, ukikosea unarekebishwa hapo hapo. Ahadi yetu haijaua mtu, ila na sisi tumeshawahi kuamini tumeruhusiwa kuruka.

Tunaomba basi, baada ya hotuba yako, Katibu asimame asome ombi letu, na wewe Baba ulirudie kwa kinywa chako: kitu gani, kwa mwezi gani, na tumfuate nani usipopatikana. Kama sehemu yako ni usukani peke yake, sema usukani, tutapiga makofi yale yale na tutajua pedali tukatafute kwingine. Kama haiwezekani kabisa, sema haiwezekani, tutakupenda vile vile na Jumapili utatukuta darasani.

Mama, kwenye ile nafasi ya "tumfuate nani" kamati imeshaandika jina lako kwa penseli. Tunaomba ruhusa ya kulipitishia wino.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi watoto wenu,
Kamati ya Vijana