Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mabinti Wetu Wabaki Shuleni

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, walimu na viongozi wa vijiji mliohudhuria,

Mambo ya michango, matawi na ukaguzi yamo kwenye taarifa ya Mama Mweka Hazina mliyogawiwa mlangoni, nami sitayarudia. Muda wangu naomba uende wote kwa mabinti.

Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaiondoa kidato cha tano na sita. Tunashukuru, maana wapo watoto tunaowajua ambao bila hatua hiyo wasingevaa sare ya sekondari. Lakini mabinti wa vijijini wameendelea kuacha shule, na kamati yetu ya elimu ilipopita nyumba kwa nyumba mwaka huu, jibu lilikuwa lile lile karibu kila mlango: shule iko mbali. Shule ya kata ni ya kutwa, na vijiji vinavyoitegemea ni vingi. Binti wa kijiji cha mwisho huamka usiku, akachota maji, akafagia, ndipo aianze njia. Akirudi jioni, jiko linamsubiri. Daftari atalishika saa ngapi?

Mzazi akiona mateso hayo humpangia mwanawe chumba karibu na shule. Ndiyo haya magheto. Mjumbe wa kamati alinipeleka kwenye chumba cha binti wa kidato cha pili. Godoro juu ya turubai, ndoo moja, mafiga nje, unga wa mlo mmoja kwenye mfuko. Mlango hauna komeo. Usiku huuegemeza kwa ndoo iliyojaa maji. Kitabu chake cha Baiolojia alikuwa amekijaladia kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na jina lake ameliandika kwa mwandiko ambao walimu waliopo hapa wangeufurahia.

Mama yake humletea unga mwisho wa wiki, akiupata. Asipoupata, wapo watu pale senta wanaojua kwamba binti yule hana chakula. Hapo ndipo hutokea mwenye lifti ya bodaboda, mwenye chipsi, mwenye vocha. Nasema haya wazi kwa sababu bado tunasikia vikaoni kwamba mabinti wa siku hizi wana tamaa. Yule niliyemkuta mimi alikuwa na njaa, tena ya siku ya pili.

Kuhusu sheria, tusidanganyane. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba au kumuoa ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Kesi zetu hazifi mahakamani, zinafia majumbani. Familia mbili hukaa, ng'ombe hutajwa, binti husafirishwa kwa shangazi, na polisi wakija hakuna shahidi. Mwanachama anayekaa kwenye vikao hivyo anakivunja chama hiki, awe na cheo gani.

Wapo pia waliokwisha kujifungua. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida, na anayeona vigumu kurudi darasa lile lile anaweza kusoma kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wazazi wengi tuliowatembelea hawakuwa na habari hizo. Waliokuwa nazo walikwama kwenye jambo moja: mtoto atabaki na nani? Akina bibi wa tawi la wanawake walilibeba jambo hili bila kusubiri barua yangu. Wanapokezana kulea asubuhi, na mama wa mtoto huja kunyonyesha wakati wa mapumziko kwa makubaliano na mkuu wa shule. Nawapongeza kwa moyo wote.

Taulo za kike zinazofuliwa tumeendelea kushona na kugawa. Hata hivyo, walimu wa malezi wanatukumbusha kwamba taulo haitoshi pale choo kinapokosa maji na mlango.

Sasa hosteli. Boma limefika kwenye lenta kwa nguvu za wananchi: mawe, mchanga, na matofali tuliyofyatua wenyewe. Halmashauri imepokea maombi yetu ya kuezeka. Wakati tunasubiri, kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila binti aliyepanga peke yake ahamie kwenye nyumba ya mwanachama aliye karibu na shule, chini ya mama wa nyumba atakayekubaliwa na wazazi, na debe la unga litoke kwenye mfuko wa chama pale mzazi anapokwama. Pili, mwalimu wa darasa ampigie simu mjumbe wetu siku ya pili binti asipoonekana, na mjumbe afike nyumbani siku hiyo hiyo. Mahudhurio ya mwezi yanapojumlishwa, binti mwingine ameshavuka wilaya.

Naomba mkutano uanze kujadili pendekezo la kwanza. Wenye vyumba waandikishe majina kwa Katibu kabla hatujafunga kikao, ili kamati ianze kuvikagua wiki hii.