Shoga, blanketi la mtoto nimelipata, ila soma kwanza

Dar es Salaam, Julai

Shoga yangu, Mama Kijacho,

Hujambo, na tumbo je, na shemeji hajambo? Sisi huku wazima kabisa, mama anakusalimia sana anasema ukijifungua tu anapanda basi, hataki kusikia habari ya kusubiri arobaini.

Najua uliniambia nikupigie picha nikutumie wasap halafu ninunue yaishe, ila nimezunguka wiki 2 natafuta hilo blanketi la kufuma na nimeona mambo ambayo mi mwenyewe sikuyajua, afu we bado utanunua vitu vingine vya mtoto, soksi, kofia, vimdoli, kwaiyo nakuandikia marefu ukae nayo, ukichoka kusoma lala kidogo uendelee kesho.

Nilianzia Kariakoo kama ulivyosema. Duka la kwanza kijana kanionyesha vitu vizuri jamani, vya rangi rangi, vilaini, kila nikigusa ananiambia dada hii pamba asilimia mia, hii rafiki wa mazingira, wazungu ndo wanazitaka hizi. Blanketi 35,000. Moyo ukanicheza nikasema ngoja kwanza, nikachukua kikofia kimoja cha 7,000 niende nikakiangalie nyumbani. Na kenyewe kakifunga kwenye nailoni mbili, rafiki wa mazingira huyo huyo.

Nyumbani yule fundi cherehani jirani yetu akaniambia mwanangu uzi hausemi uongo ukiuchoma. Tukachomoa kauzi kadogo, tukakashika na kibanio cha nyusi juu ya sahani yenye maji, tukawasha kiberiti. Shoga, haukuungua, uliyeyuka! Ukajikunja ukawa kipunje cheusi kigumu kama kichwa cha pini, na harufu ile ile ya plastiki ikichomwa jalalani. Tukachukua na uzi wa kile kitambaa cheupe cha kochi cha mama, kile unachokijua, kile alichokifuma mi nikiwa darasa la pili. Wenyewe uliwaka pole pole kama karatasi, ukanukia karatasi, ukabaki majivu laini ukigusa yanapukutika. Basi ndo hivyo, pamba inaacha majivu, akriliki inaacha kipunje. Ukienda kununua huko omba kauzi kadogo tu ukapime, muuzaji mkweli hatakataa.

Akriliki ni plastiki, inatokana na mafuta ya petroli. Sisemi ni sumu, na mtu wa Makete akitaka sweta lake la akriliki kwa ile baridi avae tu, linakauka haraka na halina bei kubwa. Ila mtoto mchanga wa Mwanza na lile joto lenu la mchana, uzi usionyonya jasho utamtoa vipele bure. Na kuna kitu kingine hakuna muuzaji atakwambia, akriliki haivumilii pasi ya moto. Sasa sisi nguo ya mtoto lazima ipigwe pasi, ikianikwa nje inzi wakataga humo tunajua kinachofuata, sasa blanketi ambalo ukilipiga pasi linalegea na kuharibika utalifanyia nini? La pamba unaligeuza nyuma, unatandika kanga juu, unapiga pasi yako bila wasiwasi.

Afu lile la kufua ndo lilinikosesha usingizi. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth Uingereza wa 2016, walifua vitambaa kwenye mashine wakahesabu nyuzi zinazotoka, wakakadiria mzigo wa kilo 6 wa akriliki unaweza kutoa zaidi ya vinyuzi laki 7 kwa kufua mara moja tu. Vinyuzi vya plastiki hivyo, havionekani kwa macho, vinaenda na maji machafu. Na mwaka huo huo wa 2016 ulitoka utafiti mwingine, huu wa kwenu kabisa, walinunua sangara na sato sokoni Mwanza wakawapasua, wakathibitisha plastiki ndogo ndogo matumboni kwa asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Si zote za nguo bila shaka, kuna mifuko na takataka nyingine humo. Ila nikafikiria we unavyopenda sato na ujauzito huo, nikasema hapana, cha akriliki sikununui hata wanipe bure.

Unakumbuka rambo, ile mifuko ya plastiki, zilivyopigwa marufuku Juni mosi 2019? Tulivyofurahi, mitaro ikaanza kupumua. Tukahamia ile mifuko mbadala ya rangi rangi tukiamini ni kitambaa, kumbe na yenyewe ni plastiki, polipropilini, ile imebanwa tu ikaonekana kama nguo, ndo maana ikikaa juani inapukutika. Tulikuwa na kikapu cha ukindu kwetu tangu zamani tukakiacha mlangoni tukaenda kununua plastiki nyingine. Inaniuma sana hii.

Haya, turudi kwenye blanketi. Jumamosi nikaenda Sabasaba, si unajua ndo msimu wake, nikayapita mabanda makubwa yote nikaenda moja kwa moja kule kwa vikundi vya akina mama wajasiriamali. Huko ndo nikamkuta mama mmoja wa Mbagala, mtu mzima, amekaa kwenye kiti cha plastiki anafuma huku anauza, ile kulabu mkononi haisimami hata akiongea na wewe. Nikamuuliza mama huu uzi ni ogani, yaani wa pamba ya kilimo hai? Akaniambia "mwanangu, mi hiyo ogani siijui, najua ni pamba, na karatasi yake hii hapa." Akanitolea lebo ya bonge la uzi, imeandikwa pamba 100, imetengenezwa Uturuki. Jibu lake lile mi liliniridhisha kuliko maneno yote ya Kariakoo. Ukweli neno ogani lina masharti, kuna alama ya GOTS kwa mfano, hiyo inataka angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai na inakagua mpaka rangi zilizotumika. Mtu akikutajia ogani muombe lebo ya uzi, ukiona ipo alama sawa, isipokuwepo basi ni maneno ya biashara.

Ila Uturuki, shoga! Wewe hapo ulipo umezungukwa na pamba, Simiyu hiyo hapo, Shinyanga hiyo, baba yako mwenyewe alilima pamba mkasoma. Na pamba ya kilimo hai ipo, Meatu wanailima kwa mkataba na kampuni ya bioRe tangu 1994, hawapulizi dawa za viwandani. Halafu sehemu kubwa ya pamba yetu ikishachambuliwa inafungwa marobota inaondoka nchini, na mama wa Mbagala anafumia uzi uliovuka bahari. Yule mama aliniambia uzi wa kufumia wa hapa hapa akiupata ataununua wote. Nimeandika neno lake hapa makusudi, we mtu wa kujuana na watu, hebu waulizie huko kwenye viwanda vya kuchambua, au hata bibi yeyote anayesokota kwa mkono.

Bei sasa. Blanketi kaniambia 90,000 na najua utasema mbona ghali. Na mi nilitaka kuanza kushusha kama kawaida yetu, ila nikamuuliza kwanza linachukua muda gani. Siku nane, kila siku saa nne na nusu hivi, watoto wakishaenda shule. Hiyo ni saa 36. Uzi umemla 30,000. Toa, inabaki 60,000, gawanya kwa 36, haifiki hata 1,700 kwa saa, na hapo hujaweka nauli wala kodi ya meza. Nikanyamaza nikalipa. Afu kazi ya kufuma kwa kulabu hakuna mashine ya kiwandani inayoifanya, sweta la sindano mbili mashine inatengeneza, hii ya kulabu moja hapana, kila tundu unaloliona kuna kidole cha mtu kilipita. Kwaiyo lile la 35,000 la Kariakoo na lenyewe kuna mtu alilifuma, sijui yuko nchi gani, ila ukishatoa uzi na meli na faida ya watu wote wa katikati, yeye mkononi alibaki na nini? Nimelifikiria sana hilo.

Nimechagua la mshono wa kubana, si lile la matundu matundu kama wavu. Yale yanapendeza kwenye picha ila kidole cha mtoto kinaingia kinanasa, na uzi unaweza kumzunguka kidole ukambana usijue analilia nini. Rangi ni maziwa na kijani kibichi kidogo pembeni. Nilikilowesha kitambaa cheupe nikakisugua juu yake kuona kama linachuja, halichuji. Na wakikuletea vimdoli vya kufuma, angalia macho, yakiwa ni vifungo au vishanga vyang'oe mapema, mtoto akikinyofoa anakimeza, mwambie mtu ayashone kwa uzi. Na akilala usimfunike usoni, wala usiliache limelundikana kichwani kwake, litakuwa la kumbebea na kumfunikia miguu.

Kulifua ni kwa mkono, maji ya kawaida na sabuni ya kipande, usilikamue kwa kulinyonga, libonyeze tu na taulo. Na usilining'inize kwenye kamba! Pamba ikilowa inakuwa nzito, itajivuta mpaka blanketi liwe shuka. Tandaza mkekani kivulini. Yale matambaa ya makochi ya mama yalivyodumu miaka yote ile ni kwa sababu alikuwa anayalaza hivyo hivyo, anayaloweka kwenye maji ya wanga, anayanyoosha na mikono mpaka kila pembe inakaa. Hakuna aliyekuwa anaita rafiki wa mazingira, yalikuwa vitambaa vya kochi tu na mpaka leo yapo.

Kuna na zawadi yangu humo ndani. Mkoba wa fulana za mitumba, kuna mabinti wanazinunua Ilala zile zilizotoboka au zenye madoa ambazo hakuna atakayezivaa, wanazikata mkanda mmoja mrefu kuzunguka zunguka, ukiuvuta unajikunja unakuwa uzi mnene, ndo wanafumia. Wa kwako ni bluu na kijivu, nimeuweka kitambaa ndani maana ukibeba vitu vizito unavutika. Utabebea nepi kliniki. Nepi za kitambaa shoga, hilo tutaongea kwenye simu.

Mzigo nautuma kesho alfajiri kutoka stendi ya Mbezi, nitakutumia namba ya basi na ya kondakta, shemeji aupokee Nyegezi we usihangaike kwenda. Nimetumia 90,000 kwenye ile 100,000 yako, 10,000 iliyobaki nimemwachia yule mama kama kianzio cha kofia na soksi za uzi huo huo, anasema atamaliza mwezi wa nane mwanzoni. Anachotaka kujua ni mzunguko wa kichwa, nimemwambia mtoto hajazaliwa, akacheka akasema basi atafuma mbili, ndogo na kubwa kidogo. Ila rangi uchague wewe, maziwa au kijani, nijibu kabla ya Ijumaa maana ndo siku anayoenda kununua uzi.

Nakupenda, jitunze, na kula mboga.

Ni mimi shoga yako wa Temeke