Si uvivu unaofanya gemu zipendwe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba gemu zimeenea kwa kuwa vijana hawana kazi ya kufanya. Mimi nimefundisha hisabati mpaka nikastaafu, nina wajukuu, na gemu nacheza. Kama tatizo ni ukosefu wa kazi, atueleze kwa nini muuguzi aliyetoka zamu ya usiku naye anaishika simu acheze kidogo kabla hajalala.

Sababu kubwa, nionavyo mimi, ni kwamba gemu hujibu. Ukibonyeza kitufe, kitu kinatokea papo hapo. Ukikosea unaona umekosea wapi, na unaanza upya bila mtu kukuguna. Darasani mwanafunzi husubiri daftari lisahihishwe, na likimrudia keshasahau alikuwa anawaza nini.

Chukua Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Mwanzoni kabisa Mario amesimama upande wa kushoto, na kulia kumeachwa wazi, basi mkono wenyewe unampeleka huko. Mara kinakuja kidudu cha kahawia, kinatembea taratibu. Mkigongana, umepoteza uhai mmoja na sekunde chache tu. Safari ya pili unaruka. Hakuna maelezo yaliyoandikwa kwenye skrini, wala hakuna aliyekufokea, lakini tayari umejifunza. Sisi tuliosomea ualimu tunajua somo la namna hiyo linavyotoa jasho kuliandaa; Shigeru Miyamoto na wenzake walioibuni gemu hiyo hawakulipata kwa bahati.

Bahati nayo imechangia, sikatai. Katika Space Invaders ya 1978, wavamizi unaowapiga risasi huongeza kasi kadiri wanavyopungua. Chanzo chake ni mashine kulemewa: wavamizi wakiwa wengi ilichelewa kuwachora, wakipungua ikapata nafuu. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, aliliona hilo akaliacha vilevile, maana mchezo ulinoga.

Tetris ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Alexey Pajitnov aliibuni mjini Moscow mwaka 1984, na kazi yako ni kupanga vipande vinavyoanguka; viko vya aina saba tu, kila kimoja miraba minne. (Mwenye kupenda hisabati achukue karatasi ya miraba ajaribu: unganisha minne ubavu kwa ubavu, ruhusu kuzungusha kipande lakini si kukipindua. Aina ya nane haipatikani.) Haina hadithi wala lugha ya kujua kwanza, kwa hiyo bibi na mjukuu wanaanza wakiwa sawa. Mara nyingi bibi anashinda.

Halafu kuna suala la kufikika. Zamani ilibidi uifuate mashine na sarafu mkononi. Mwaka 1997 Nokia 6110 ilitoka na gemu ya nyoka ndani yake, na mtu aliyenunua simu ili apige akajikuta mchezaji. Hakuomba. Simu janja zilipokuja, kazi ilikuwa imekwisha.

Ujirani nao usisahauliwe. Fortnite ilipata umaarufu mwaka 2017 kwa kuruhusu watu wacheze bure pamoja, na ukisikiliza wanachozungumza vijana humo, nusu yake si mchezo kabisa, ni soga.

Ninapokubaliana na msomaji mwenzangu ni kwenye gemu zilizoundwa zikushike badala ya kukufurahisha. Candy Crush Saga inakupa nafasi tano. Zikiisha unasubiri nusu saa upewe moja, au unalipa. Hapo mbunifu anauza kukosa subira kwako. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, na mzazi mwenye wasiwasi hana makosa. Kama barua yake ingewashikia bango wafanyabiashara hao, ningeiunga mkono. Ila yeye amewalaumu wachezaji, tena bila kutaja gemu hata moja. Ningependa kujua amewahi kucheza ipi.

Mwalimu mstaafu wa hisabati